Ukuta wa Saa Sita

Barua ya kumfuta kazi dereva Kilonzo ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilikaa mezani kwa Rajiv Vallabhdas, kando ya kompyuta, na ilikosa vitu viwili tu: sahihi ya Rajiv na ripoti ya Ndunge Kyengo.

"Wakili wangu ni mtu wa kuogopa," Rajiv alisema, akiigeuza barua ili Ndunge aisome vizuri. "Anasema mtu akikufanyia kazi miaka kumi na nne, huwezi kumfukuza hivi hivi. Lazima mtu wa nje, anayejua mambo ya upelelezi, aandike kwamba ni yeye. Ndio nikakuita."

Ndunge aliisoma. Wizi wa huduma ya intaneti ya mwajiri, barua ilisema, na neno wizi lilikuwa limepigwa mstari chini kana kwamba msomaji angeweza kulipita.

Miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya upelelezi katika polisi kabla ya kujifungulia ofisi yake mwenyewe Ruiru, juu ya duka la rangi. Waongo aliwajua. Aliwahi kutafuta magari yaliyofichwa, wake waliojificha, na safari moja mama mkwe aliyefichwa na mkwewe. Intaneti ndiyo hakuijua, na hilo hakuona haya kulisema.

"Nieleze polepole," alisema. "Nifanye mimi ni mtoto wa nasari."

"Ni rahisi. Asubuhi intaneti inakimbia. Ikifika saa sita na nusu hivi, inaanza kutambaa. Haikati, inatambaa tu. Saa nane niko na wateja wa Kampala kwa video, uso wangu unaganda mdomo ukiwa wazi. Wiki jana wameniambia watanunua magunia kwa mtu mwingine ambaye anaweza kuongea. Saa kumi inarudi, kama hakuna kitu kimefanyika. Kila siku."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu zilizopita ni nini kilibadilika kwa hii nyumba?"

Rajiv hakufikiria hata kidogo. "Kilonzo alipata simu. Mimi mwenyewe nilimpa, yangu ya zamani, nikijiona mtu mzuri. Saa sita na nusu ndio anaenda kula. Anakaa huko kwa gereji, anakula, anavuta mpira na sinema kwa intaneti yangu, na mimi huku naganda."

"Umemwona akivuta?"

"Simu yake iko kwa waifai, Kaleli alinionyesha." Kaleli alikuwa fundi wa mitandao kutoka Juja. Alikuwa amekuja mara mbili, zote asubuhi, na mara zote mbili akapima, akakuta kila kitu kinakimbia, akanywa chai akaenda zake. "Halafu kuna Alhamisi. Alhamisi iliyopita Kilonzo hakuwa hapa mchana. Na Alhamisi, Madam Ndunge, intaneti haikulegea hata sekunde moja. Siku moja tu katika wiki tatu. Wewe ulikuwa polisi. Hiyo unaiitaje?"

Zamani angeiita faili iliyofungwa. Simu ilikuja, ugonjwa ukaja. Mtu akatoka, ugonjwa ukatoka. Ilikuwa kesi nyepesi mno, na Ndunge hakuzipenda kesi za namna hiyo. Mara mbili katika kazi yake alikuwa amefunga faili nyepesi, na mara moja kati ya hizo mbili mtu alikaa ndani miezi saba kwa kosa la ndugu yake.

"Wanaishi wangapi humu?"

"Wawili. Mimi na mama yangu. Mke wangu yuko Mombasa kwa wazazi wake tangu mwezi jana."

Ndunge aliandika: wawili. Kisha akamwomba Rajiv apime kasi mbele yake. Ilikuwa saa nne na robo. Namba kwenye kioo ilipanda hadi thelathini na nane, na pembeni chini vistari vya waifai vilikuwa vinne, vyote vimejaa. Aliandika hiyo pia, ingawa vistari hakujua vina kazi gani.

"Nataka ripoti kabla ya saa kumi," Rajiv alisema. "Saa kumi na robo narudi kiwandani, na hii barua nataka niiache imewekwa sahihi."

*

Kilonzo alikuwa anaosha gari lililokuwa safi tayari. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mrefu, shati limepigwa pasi hadi kola imekuwa ngumu. Alipomsikia Ndunge akimsalimia kwa Kikamba alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka, maana alijua amekuja kufanya nini.

"Simu ndiyo hii," alisema kabla hajaulizwa, akaikausha kwa shati na kumpa.

Ndunge aliipekua akiwa amesimama. Hakukuwa na mpira. Hakukuwa na sinema. Kulikuwa na nyimbo hamsini na kitu zilizopakuliwa, zote zimeandikwa majina asiyoweza kuyasoma. Alibonyeza mmoja, ikatoka sauti ya wanawake wengi wakiimba pamoja, na vitu kama matoazi vikigongwa.

"Ni zako hizi?"

"Ni za Mama. Mama Manjula, mama ya bosi. Anapenda zikilia tukiwa kwa gari. Yeye ndiye alinipa paswadi, akaniambia nimtafutie."

"Unazichukua saa ngapi?"

"Asubuhi nikingoja bosi atoke. Angalia hapo, imeandikwa."

Ilikuwa imeandikwa. Saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu kasoro. Hakuna wimbo hata mmoja uliochukuliwa mchana.

"Alhamisi iliyopita mchana ulikuwa wapi?"

"Ruiru."

Ndunge aliandika Ruiru na kupiga mstari. Baadaye angejilaumu kwa huo mstari, kwa sababu swali lililofaa kufuata lilikuwa limesimama hapo hapo likimtazama, naye akalipita.

Kilonzo alikamua tambara polepole. "Madam, mimi sikatai kufutwa. Mtu huandikwa na mtu hufutwa. Lakini hapa mtaani Section 9 hizi nyumba zote zinajuana. Nikitoka hapa na jina la mwizi, hakuna geti nitabisha lifunguliwe, na kwa umri huu. Bosi angesema tu niligonga gari. Hiyo ningebeba nirudi nayo nyumbani Gatuanyaga."

Sauti yake haikupanda. Ndunge alirudi ndani akiwa ameshamwamini, na kuamini hakuandikwi kwenye ripoti.

*

Saa sita na dakika ishirini, mama mmoja mdogo wa kimo, mwenye sari ya pamba na nywele zilizolowa, alipita sebuleni akielekea kwenye ngazi. Huyo alikuwa Manjula, mamake Rajiv. Mwanawe alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Mkononi alibeba sahani ndogo iliyofunikwa, chakula cha kumtosha mtoto wa miaka miwili, na begani alikuwa ametupia kitambaa cha hariri kisichotosha kufunika hata mto.

"Wewe ndio polisi?" aliuliza bila kusimama.

"Nilikuwa, Mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Utakula. Kwanza yeye."

Akapanda. Ndunge alimtazama hadi kisigino cha mwisho kikapotea, akajiuliza huyo "yeye" ni nani. Baada ya muda alisikia kengele ndogo juu, kisha kimya kirefu, kisha mlio wa chuma, kama sufuria inapowekwa juu ya mbao. Halafu mlango ukafungwa taratibu. Aliandika mlio huo, kwa mazoea tu ya kuandika kila kitu.

Saa sita na nusu Rajiv alipima. Thelathini na nane ilikuwa imekuwa mbili.

"Umeona?" alisema, karibu kwa furaha. "Sasa hivi ako kwa gereji anakula."

Ndunge alitoka akamwita Kilonzo, akachukua simu yake, akaizima mbele ya macho ya Rajiv na kuiweka mezani juu ya barua. Wakapima tena. Mbili. Wakangoja dakika tano, wakapima. Moja na nusu.

"Badilisha paswadi," alisema Ndunge.

Rajiv alibadilisha, Ndunge akiwa amesimama nyuma yake na Kilonzo amesimama mlangoni. Kila kilichokuwa kwenye waifai kilitupwa nje. Orodha ya vilivyounganishwa ilibaki na jina moja, la kompyuta iliyokuwa mbele yao. Wakapima. Mbili.

"Simu imezimwa," Ndunge alisema. "Paswadi hana. Na bado."

"Basi ako na njia nyingine."

"Gani?"

"Hiyo ndiyo kazi yako." Rajiv alizungusha kiti akamwangalia. "Sikiza. Kama si yeye, niambie ni nani. Huwezi kuniambia tu si yeye, halafu intaneti inakufa yenyewe, inafufuka yenyewe, na Alhamisi inachukua likizo. Nipe jina lingine ama nitaweka sahihi."

Kilonzo alirudi gereji bila kuaga. Chakula chake kilikuwa kimepoa.

*

Kisanduku chenyewe, ile rauta inayorusha waifai, kilikuwa juu, Rajiv alisema, kwa sababu waya wa kampuni uliingilia dirisha la huko. Ndunge akapanda kwenda kukiona kwa macho. Alipofika kileleni alimkuta Ba ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa, anachambua dengu kwenye sinia.

"Mama, naomba niangalie rauta. Dakika moja tu."

Ba aliweka kidole mdomoni. "Polepole. Amelala."

"Nani amelala?"

"Thakorji."

"Nitaingia kwa ncha ya vidole. Hatasikia."

"Hata akiwa macho, wewe huwezi ingia. Hujaoga."

Ndunge alikuwa ameoga saa kumi na moja alfajiri kwa maji baridi, maana Ruiru stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Alifungua mdomo kujitetea, akakumbuka yuko kazini, akaufunga.

"Ataamka saa ngapi?"

"Saa kumi. Kila siku."

Saa kumi. Ndunge aliteremka ngazi haraka. Kulikuwa na mtu wa tatu ndani ya nyumba, mtu aliyepelekewa chakula chumbani, aliyejifungia na rauta tangu saa sita na nusu hadi saa kumi, na mwenye nyumba hakumtaja. Aliandika jina hilo na kulizungushia duara.

"Uliniambia mnaishi wawili," alimwambia Rajiv. "Thakorji ni nani?"

Rajiv alimtazama, kisha akacheka hadi akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Thakorji ni Mungu, Madam. Krishna. Ni sanamu ndogo, hivi." Alionyesha kwa vidole urefu wa kijiko. "Ba anamtunza kama mtoto. Asubuhi anamwamsha, anamvalisha, mchana anamlisha, anamlaza. Saa kumi anamwamsha tena. Mtu kama hajaoga oga ile ya ibada, haingii. Hata mimi siingii."

"Na hana..."

"Hana simu."

Ndunge alikata jina kwa mistari miwili. Aliona haya, na zaidi ya haya alichanganyikiwa. Alikuwa amemsafisha aliyekuwa na sababu, akamshuku asiyekuwa na mwili, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nane na robo. Kwenye kompyuta watu wawili wa Kampala walikuwa wameganda, mmoja jicho limefumba.

*

Alitoka nje akampigia Kaleli, ambaye mchana alifundisha chuoni na alipokea simu kwa kunong'ona.

"Kaleli, nisaidie. Niko kwa Vallabhdas. Imeshuka hadi mbili. Nimefukuza kila mtu kwa waifai imebaki kompyuta peke yake, na bado ni mbili."

"Vistari ni vingapi?"

"Vistari?"

"Vile vya pembeni, chini kwenye kioo. Ndunge, wewe umeandika, nakujua."

Alifungua daftari. "Asubuhi vinne. Sasa..." Alichungulia dirishani. "Kimoja."

Ndunge alisikia kiti kikisogezwa, mtu anatoka darasani. Aliporudi alikuwa anaongea kwa sauti yake.

"Wee, hapo hakuna mwizi. Sikiza. Watu wakiwa wengi kwa waifai, ni kama bomba la plotini asubuhi, kila mpangaji na ndoo yake, maji yanakufikia kidogo. Lakini bomba lenyewe liko sawa na vistari vinabaki vinne. Vistari vikishuka, si watu wanakula. Ni kitu kimesimama katikati ya rauta na kompyuta. Ukuta mnene. Kioo. Chuma ndio mbaya zaidi."

"Ukuta uko pale asubuhi na uko pale mchana. Haujengwi saa sita ukabomolewa saa kumi."

"Sasa huo," Kaleli alisema, "si mtandao tena. Huo ni upelelezi." Akakata simu.

Ndunge alisimama uani chini ya jua. Ukuta unaokuja saa sita na kuondoka saa kumi. Ukuta uliokosa kuja Alhamisi. Akayarudia maneno hayo mara tatu na kila mara yalimpoteza zaidi. Alifungua daftari kutoka ukurasa wa kwanza, kama alivyofundishwa, akasoma kila neno bila kuruka, na ukurasa wa pili jicho likasimama kwenye neno Ruiru na ule mstari wake.

Dereva haendi mahali. Dereva hupeleka mtu.

Alikwenda gereji mbio mbio, viatu mkononi nusu ya njia kwa sababu kisigino kilikuwa kinamsumbua.

"Kilonzo. Alhamisi, Ruiru, ulimpeleka nani?"

"Si Mama? Kwa dada yake. Huwa anaenda mara moja moja."

"Peke yake?"

"Peke yake. Na kikapu chake. Kile kikapu hakuna mtu anakishika, anakipakata mwenyewe mapajani. Akaniambia nipite kwa matuta polepole, nisimwamshe."

"Usimwamshe nani?"

Kilonzo alikuna kidevu. "Ni huyo Mungu wake, Madam. Mama akitoka siku nzima, hamwachi nyumbani. Tulitoka saa nne tukarudi saa kumi na mbili."

Ndunge alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alhamisi Kilonzo hakuwepo. Hilo Rajiv alikuwa amelisema kwa kidole juu. Lakini Ba pia hakuwepo. Na yule anayelala hakuwepo.

"Wiki tatu zilizopita," alisema, akijishika asikimbilie jibu. "Ukiacha simu, ni nini kingine kilifanyika?"

"Wiki tatu... ile mvua kubwa. Chumba cha Mungu cha chini kilivuja, maji yakaingia hadi kwa ukuta. Mama akasema ahamie juu. Huko juu ilikuwa stoo. Nikatoa masanduku yote, nikapaka rangi, nikamaliza, nikaambiwa nisiingie tena. Ile rafu ya rauta niliipigilia mimi, ikabaki hapo hapo kwa sababu ya waya."

"Rafu ya nini?"

"Mbao."

"Jikoni ni wapi kwa hii nyumba?"

"Huko nyuma, chini."

"Juu kuna jiko? Hata la gesi, la chai?"

"Juu? Hapana, Madam. Juu ni kulala tu."

Ndunge aliinuka. Kama juu hakuna jiko, ni sufuria gani iliyolia juu saa sita na nusu? Kilonzo alimwangalia akingoja aambiwe kitu, na Ndunge alitamani kumwambia, lakini alikuwa ameshakosea na Mungu mzima siku hiyo na hakutaka kukosea mara ya pili.

"Saa kumi kasoro dakika tano, ingia ndani," alimwambia. "Simama mlangoni. Usiseme kitu."

*

Saa kumi kasorobo Rajiv alitoa kalamu.

"Ripoti?"

"Nipe dakika ishirini."

"Nimekupa siku nzima."

"Nipe dakika ishirini, bwana Rajiv. Ukishaweka sahihi hutaweza kuifuta, na mimi ndiye nitaitwa kortini kueleza."

Jina la korti lilifanya kazi ambayo huruma isingeifanya. Rajiv aliweka kalamu chini. Ndunge alivuta kiti akaketi kando yake mbele ya kompyuta, akaomba afungue pale pa kupimia kasi na asiongee. Kilonzo aliingia akasimama mlangoni, mikono nyuma. Kistari kilikuwa kimoja. Namba ilikuwa mbili.

Ndunge aliomba asiwe amekosea. Kama amekosea, kuna mtu ambaye ataenda nyumbani jioni hiyo na neno ambalo hataweza kuliosha, na ataenda nalo kwa sababu Ndunge alijifanya anajua.

Saa kumi kengele ndogo ililia juu.

Mlango ulifunguka polepole. Ba aliimba maneno machache kwa sauti ndogo, ile ya kumwamshia mtoto asishtuke. Kisha chuma kikalia juu ya mbao, mlio ule ule.

Vistari vikapanda. Viwili, vitatu, vinne. Rajiv alibonyeza bila kuambiwa, na namba ikakimbia hadi thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa.

"Umefanya nini?" alimuuliza Ndunge.

"Mimi sijafanya kitu. Muite mama yako. Mwambie ashuke na kile alichoshika."

Ba alishuka na sufuria kubwa ya stili, ile ya kupikia wali wa wageni, ameikumbatia kifuani. Rajiv alimuuliza kitu kwa Kigujarati, haraka haraka. Ba alijibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kilonzo alikuwa amesimama pale na jambo lilikuwa lake.

"Ile taa ya kijani ya kile kisanduku," alisema. "Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Usoni kwake. Wewe utalala hivyo? Mimi nafunika na sufuria. Akiamka nafunua."

"Wiki tatu, Ba. Wiki tatu. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliuliza fundi. Uliuliza wakili. Umeita polisi kutoka Ruiru. Mimi niko hapo juu tu." Alimwangalia mwanawe, kisha barua iliyokuwa mezani, kisha Kilonzo, na Ndunge aliona uso wake ukibadilika kadiri alivyoelewa. "Ni hii? Mlikuwa mnamfukuza kwa sababu ya sufuria yangu?"



Rajiv aliivuta barua chini ya simu akaichana mara mbili na kuviweka vipande mezani. Kwake, mambo yalikuwa yameisha hapo. "Okay. Kilonzo, sorry, eh? Confusion tu." Akageukia kompyuta, ambako mtu wa Kampala alikuwa ameanza kusogea.

"Kwa Kiswahili," Ba alisema.

"Ba?"

"Jana ulimwita mwizi kwa Kiswahili. Nilisikia mpaka juu."

Rajiv alibaki na mkono juu ya kipanya. Alimtazama Ndunge kana kwamba angemsaidia, naye Ndunge akatazama daftari. Mwishowe alisimama. Ilimchukua muda kupata pa kuweka mikono.

"Kilonzo," alisema. "Nilikosea. Wewe si mwizi. Nisamehe."

"Nimesikia, bosi."

Kilonzo alisogea hadi mezani. Ile simu ilikuwa bado pale, imezimwa. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka kando yake, taratibu, bila hasira yoyote ambayo mtu angeweza kumshika nayo.

"Nashukuru umesema mbele ya watu," alisema. "Lakini miaka kumi na nne si siku mbili. Kesho petroli ikiisha mapema, utaniangalia. Na mimi nitajua unaniangalia. Mtu hawezi kuendesha gari hivyo."

Ndunge alihisi siku nzima ikimporomokea. Alikuwa amempata mwenye sufuria, amemsafisha mtu, na mtu bado anaondoka.

Ba aliweka sufuria sakafuni.

"Kesho naenda kwa dada yangu," alisema. "Thakorji anakuja pia. Nani ataendesha?"

"Mimi nitakupeleka, Ba," Rajiv alisema.

"Wewe unaruka matuta."

Kilonzo alikuwa amefika mlangoni. Alisimama. Hakugeuka mara moja, na alipogeuka hakumtazama Rajiv, alimtazama yule mama mdogo wa miguu mitupu, nywele zake zikiwa zimekauka sasa.

"Mama, ile taa," alisema. "Funika na leso. Ama nikuletee kipande cha tepu nyeusi, ile ya stima, uibandike. Haimmuliki tena, na bosi haoni shida."

"Utaleta?"

"Nitaleta."

"Saa ngapi?"

Kilonzo alirudi mezani. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akachukua ufunguo.

"Saa mbili, Mama. Akishakula."

Akatoka. Ndunge alimsikia akipita uani, akisimamisha ndoo iliyopinduliwa, akifunga gereji kama siku zote. Simu aliiacha mezani, kando ya vipande vya barua, na Rajiv hakuigusa.